Mtumba hauokoi mazingira bila fundi cherehani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nichangie mjadala unaojirudia kila mara kuhusu nguo za mitumba na mazingira. Wapo wanaoziona nguo hizi kuwa ni uchafu wa nchi tajiri unaosukumwa kwetu, na ambao wangependa zipigwe marufuku hata kesho. Na wapo, hasa miongoni mwa vijana, wanaoamini kwamba mtu akishanunua shati la mtumba amekwisha kutimiza wajibu wake kwa dunia. Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu, na tangu nilipostaafu ninaishi hapa Mikindani. Kila ninapokwenda soko kuu la Mtwara hupita kwenye vibanda vya mafundi cherehani, na ni huko nilikopata rai ninayoileta kwako: faida ya mtumba kwa mazingira ni ya kweli, tena ni kubwa, lakini inategemea muda ambao nguo itaendelea kuvaliwa baada ya kununuliwa, na muda huo kwa sehemu kubwa unaamuliwa na fundi, mtu ambaye sijapata kumsikia akitajwa katika mkutano wowote wa mazingira.

Nianze na yale yasiyoonekana kwenye bei ya nguo mpya. Shirika la uhifadhi la WWF linakadiria kwamba fulana moja ya pamba hutumia takribani lita 2,700 za maji hadi kukamilika, kuanzia shambani. Kwa mtu wa Newala au Tandahimba, huko juu ya uwanda wa Makonde ambako mito haipiti na ambako vizazi vya akina mama vimeteremka mabondeni kufuata maji, hesabu hiyo ni sawa na madumu 135 ya lita 20 kwa fulana moja tu. Ni kweli kwamba pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga hutegemea mvua, kwa hiyo haimalizi mito. Lakini pamba nyingi ya dunia humwagiliwa, na huko Asia ya Kati, tangu miaka ya 1960, maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa mashambani kwa wingi kiasi kwamba Bahari ya Aral, iliyokuwa mojawapo ya maziwa manne makubwa kuliko yote duniani, ilikauka sehemu kubwa na meli zikabaki zimekaa juu ya mchanga. Hapa kusini nasi tuna kumbukumbu yetu ya gharama ya pamba, kwani ni Nandete, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, ambako mwaka 1905 wananchi waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanzia hapo.

Nguo zisizo za pamba nazo zina mambo yake. Poliesta, ambayo sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani, hutokana na mafuta ya petroli. Ni plastiki iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa uzi. Haiozi ardhini kama kanga ya pamba inavyooza, na kila inapofuliwa huachia vinyuzi vidogo sana vinavyokwenda na maji machafu. Shirika la kimataifa la uhifadhi la IUCN lilikadiria mwaka 2017 kwamba ufuaji wa nguo za aina hii huchangia karibu asilimia 35 ya zile chembechembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni ndogo. Sisi tunaofua kwa mabeseni na kumwaga maji mtaroni, mitaro inayoishia ghubani, tunaishi jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kulinda matumbawe, mikoko na mazalia ya samaki. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi tulishangilia. Gauni la poliesta lililotupwa mtaroni ni plastiki vilevile, tena ni nzito kuliko mfuko, na halina sheria inayolitazama.

Sasa, nguo ikiwa imekwisha kutengenezwa, maji yamekwisha kutumika na mafuta yamekwisha kuchomwa. Kinachobaki ni kuamua gharama hiyo igawanywe kwa miaka mingapi. Taasisi ya WRAP ya Uingereza, iliyochunguza mavazi ya nchi hiyo, ilionyesha kwamba nguo ikivaliwa kwa muda wa miezi tisa zaidi ya kawaida, hewa ya ukaa, maji na taka zinazohusiana nayo hupungua kwa kati ya asilimia 20 na 30. Miezi tisa kwetu ni muda mdogo sana. Shati lililoachwa huko Ulaya kwa sababu mwenyewe amelichoka linaweza kuvaliwa Mtwara miaka mitano, likaenda kwa mdogo mtu, likamalizikia shambani wakati wa kupulizia mikorosho. Wapo wanaohoji kwamba safari ya meli na malori huharibu faida hiyo. Nguo zilizoshindiliwa robotani na kusafirishwa kwa meli hutumia mafuta kidogo sana kwa kila kilo, ukilinganisha na nishati ya kulima, kusokota, kufuma na kutia rangi nguo mpya. Safari haibadilishi hesabu.

Kinachoibadilisha ni tabia yetu wenyewe. Faida yote niliyoitaja hupatikana pale mtumba unapochukua nafasi ya nguo mpya ambayo ingenunuliwa. Mtu anayerudi na fulana sita kutoka mnadani kwa sababu muuzaji alikuwa akinadi kwa bei ya kutupa, akavaa mbili na nne zikaozea kwenye kona ya chumba, hakuokoa maji ya mtu yeyote. Na huyo huyo, ikifika harusi, au binti wa ndugu akitolewa unyagoni, atatakiwa kununua sare mpya, mara nyingi kitenge cha poliesta kinachochuja rangi kabla ya mwezi kwisha, ambacho kimeshonwa kwa mtindo usioweza kuvaliwa popote pengine. Sipingi sare, kwa kuwa najua uzito wake katika shughuli zetu na najua hakuna mwanamke wa Mikindani atakayenisikiliza nikizipinga. Ninachosema ni kwamba kamati za shughuli zingechagua kanga au kitenge cha pamba, na mshono ambao mtu anaweza kuendelea nao sokoni na msikitini au kanisani, sare moja ingefanya kazi ya nguo tatu.

Nirudi kwa fundi, maana yeye ndiye sababu ya barua hii. Mletee shati la mikono mirefu ambalo kitambaa chake bado kizima lakini kola imelika pale inaposugua shingo. Kwa mwenye haraka, shati hilo limekwisha. Fundi hulikunjua, akachukua wembe na kufumua mshono unaoshika kola kwenye kikalio chake, yaani ule ukanda wa shingoni, uzi mmoja mmoja, bila kukigusa kitambaa. Kisha huigeuza kola upande wa pili, ule ambao haujawahi kuona jua, akaichomeka mahali pake na kuishona kwenye mstari uleule wa matundu ya sindano ya kwanza. Ukilitazama shati likiwa limepigwa pasi huwezi kujua lilifanywa nini. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na shati limepewa uhai mwingine unaokaribia ule wa kwanza. Suruali kubwa za wanaume wa Ulaya na Marekani, ambazo hapa hakuna kiuno cha kuzijaza, fundi huyohuyo huzigeuza kaptula mbili za watoto wa shule, zipu ikatumika tena, vifungo vikaingia kwenye kopo lake la vifungo, na bitana ya mifuko ikawa mifuko ya nguo nyingine. Jinzi zilizotoboka magotini huwa mikoba. Akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi hutafuta masweta ya mtumba, siyo kwa ajili ya kuyavaa katika joto letu hili, bali kwa ajili ya kuyafumua na kupata uzi wa bei nafuu.

Ufumuaji huu una asili ya mbali kwenye pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno mmoja aliyeandika habari za Sofala, katika Msumbiji ya leo, bandari ambayo kwa muda mrefu ilikuwa chini ya masultani wa Kilwa, alieleza kwamba wafumaji wa huko walikuwa na uzi wao mweupe wa pamba lakini hawakuwa na njia ya kuutia rangi, kwa hiyo walichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay nchini India, wakazifumua, na kuzifuma upya pamoja na uzi wao. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya pia za kusokotea uzi. Kwa hiyo kijana anayedhani kwamba kutumia nguo upya ni fasheni iliyotufikia juzi kwa njia ya simu aende akapige picha zake Kilwa.

Hata hivyo si kila kilichomo robotani kinafika kwa fundi. Robota likifunguliwa, nguo za daraja la kwanza huondoka mapema, hufuata zile za kuchagua, na siku zinavyokwenda hubaki chungu ya mwisho: majaketi mazito ya baridi ambayo Mtwara hayana mvaaji, nguo zenye madoa, zilizochanika vibaya, na zile zilizokuwa duni tangu siku ziliposhonwa. Muuzaji amekwisha kulipia robota zima kabla ya kuliona tumbo lake, kwa hiyo hasara ni yake, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyekwisha kupata hasara kwa kutojali mahali pa kutupa. Lakini chungu hiyo huenda mahali fulani. Sehemu huchomwa jioni nyuma ya vibanda, na poliesta ikiungua hutoa moshi mweusi unaokaba. Sehemu huishia mitaroni, na mvua zetu za kuanzia Desemba zikija, nguo huloa, hujisokota na matope na mizizi, na kuziba mitaro hadi maji yakaingia nyumbani kwa watu. Mjini Accra, Ghana, ambako kuna soko la Kantamanto, mojawapo ya masoko makubwa ya mitumba katika Afrika, mawimbi hurudisha ufukweni kamba nene za nguo zilizosokotana zikiwa zimefukiwa nusu mchangani, na wavuvi huzivuta na nyavu zao. Sisi bado hatujafika huko, na ufuo wa Shangani una nafasi ya kubaki kama ulivyo.

Wengine watasema dawa ni kiwanda cha kurejeleza nguo. Kazi hiyo ipo duniani na si ngeni: huko Batley, Uingereza, mwaka 1813, Benjamin Law alianza kusaga matambara ya sufu ya kondoo na kuyachanganya na sufu mpya ili kupata kitambaa cha bei nafuu, na leo mji wa Panipat nchini India hupokea nguo chakavu kutoka pande nyingi za dunia na kuzigeuza kuwa uzi na mablanketi. Pamoja na hayo, kwa makadirio ya wakfu wa Ellen MacArthur, chini ya asilimia moja ya malighafi inayotumika kutengenezea nguo hurudi kuwa nguo mpya. Sababu yake haihitaji utaalamu mkubwa. Nguo nyingi za siku hizi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Zipu, vifungo na nakshi za plastiki lazima zitolewe kwanza. Na pamba ikisagwa, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi, hivyo uzi unaopatikana huwa dhaifu bila kuongezewa pamba mpya. Kukaa tukisubiri mwekezaji alete mashine hizo Mtwara au Lindi ni kupoteza muda, hasa wakati tunao watumiaji wa matambara hapahapa ambao hawapati wanachokitaka.

Chukua mafundi wa mashua. Anayeziba nafasi kati ya mbao na mbao kwa kalafati huhitaji pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huvimba na kukaza, ambapo poliesta haivimbi, na mashua iliyozibwa kwa poliesta itavuja. Fulana kuukuu ya pamba tupu, ikichanwa vizuri, inaweza kumfaa. Mafundi wa gereji nao hutaka pamba kwa sababu hunywa mafuta. Poliesta kwa upande wake ni nzuri kwa mahali ambapo hatutaki kitu kioze wala kinyonye unyevu: kujazia mito ya makochi badala ya sufi, ambayo siku hizi ni ghali na adimu, au kusukia kamba za kufungia mizigo, na mazulia ya viraka ya mlangoni. Tatizo ni kwamba chungu ya mwisho ya robota imechanganyika, na kila mhitaji akienda huko hupoteza nusu siku akichambua. Kuzitambua ni rahisi kwa anayejua. Vuta uzi mmoja kwenye upindo, uwashe kwa kiberiti: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha shanga ndogo nyeusi iliyo ngumu. Iliyochanganywa huacha vyote viwili. Nimewafundisha wanafunzi wengi jambo hili na hakuna aliyelisahau, pengine kwa sababu ndicho kipindi pekee nilichowaruhusu kuwasha kiberiti darasani.

Kuhusu marufuku nitasema kidogo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu za biashara chini ya mpango wake wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huko bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo wake ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi mwaka 2018. Mimi ni mtu wa kizazi kilichovaa nguo za viwanda vyetu na ningefurahi kuviona vikisimama tena, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa ghafi. Lakini kwa hali ilivyo sasa, mtumba ukiondolewa sokoni, nafasi yake haitachukuliwa na pamba ya Shinyanga iliyofumwa nchini. Itachukuliwa na poliesta mpya ya bei ya chini kutoka Asia, ambayo fundi hana la kuifanya ikichanika, na ambayo huachia vinyuzi vyake vingi zaidi katika zile fua za mwanzo. Kwa suala la afya, Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kuzuia nguo za ndani za mitumba, na hilo ni sawa. Zilizobaki zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa, kama ambavyo nguo mpya iliyojaa dawa za kiwandani nayo inapaswa kufuliwa.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, linazihusu halmashauri zetu za kusini, na kwanza kabisa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na Manispaa ya Lindi. Mafundi cherehani wa kurekebisha nguo wapewe nafasi ndani ya eneo la mitumba lenyewe, kando ya wauzaji, ili mnunuzi aondoke na nguo inayomkaa badala ya kuipeleka nyumbani na kuisahau. Leo wengi wao wamejibana barazani kwa watu na huhamishwa kila panapotokea ujenzi. Papo hapo patengwe sehemu yenye paa ya kuwekea mabaki ya robota, pamba mbali na poliesta, ambako mafundi wa mashua, wa gereji na wa magodoro watayachukua kwa bei ndogo itakayomfidia muuzaji angalau sehemu ya hasara yake. Uchambuzi huo unaweza kufanywa na kikundi cha akina mama au cha vijana, na kikundi kama hicho kistahili mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sawa na kikundi cha kufuga kuku. Vyuo vya VETA hapa Mtwara na Lindi, vinavyofundisha ushonaji, viingize kugeuza kola, kupunguza viuno na kuunga viraka katika mazoezi na mitihani. Kwa sasa kijana anayehitimu anajua kushona suti mpya na anaona kufumua nguo kuukuu ni kujishusha.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na fedha ikianza kuingia vijijini, marobota huifuata kutoka Dar es Salaam hadi Masasi, Nachingwea na Tandahimba. Mnamo Desemba, sikukuu na shughuli za jando na unyago zinapokusanyika, ndipo mauzo huwa makubwa kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo mvua huanza. Kama eneo la mabaki litatengwa, lifunguliwe Septemba.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu,
Mikindani, Mtwara.